Kilichokunjika Ndicho Kilichopita

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, magharibi mwa mji ambao wakati huo uliitwa Stanleyville, Kisangani ya leo. Njia ya kutulia ndege ilikuwa imezibwa kwa mapipa na magari, na kazi yao ya kwanza baada ya kugusa ardhi ilikuwa kuyaondoa ili ndege za C-130 zipate kushuka. Habari za siku ile zimeandikwa na wengi: mateka waliookolewa na waliouawa, waasi wa Simba walioushika mji tangu Agosti, na Wakongo waliokufa bila mtu kuwahesabu. Kitu kimoja kidogo kimepita pembeni mwa maandishi hayo. Pamoja na jeep zenye silaha, ndege zile zilishusha vijigari vya magurudumu matatu vilivyoitwa AS-24, kazi ya kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège. Kijigari hicho kina injini ndogo ya sentimita za ujazo zipatazo 245, uzito wake haufiki kilo 200, hubeba askari wanne waliokaa safu moja, na fremu yake hukunjwa ikawa fupi ili kiweze kudondoshwa kwa mwavuli. Basi katika uwanja mmoja, asubuhi moja, magari ya kawaida yalikuwa yamegeuzwa kizuizi, na chombo kinachokunjika kikaingia mjini.

Ninavyoona mimi, tofauti ile haikuwa bahati ya asubuhi moja. Kwa karibu miaka 150, chombo cha safari kilichofika kwenye kona hii ya mto Kongo na kuweza kuendelea mbele kilikuwa aghalabu kimekatwa vipande, kimepunguzwa au kimekunjwa. Kwa sababu hiyo, kibanda cha kulala chenye paa la kuinuka, kile kinachopachikwa nyuma ya pikapu na kushushwa paa wakati wa mwendo, hakiwezi kuitwa mgeni katika mkoa huu wa Tshopo hata kama kiwanda chake kiko ng'ambo. Ni kweli kwamba asili yake ni mbali. Huko Folkestone, Uingereza, kampuni ya Martin Walter ilianza miaka ya 1950 kuyapa magari paa linalofunguka kwa bawaba za upande mmoja, likiwa na kitambaa cha mistari katikati, na jina la Dormobile likaenea hadi kwenye Land Rover. Marekani, katika miaka hiyohiyo, kilitokea kibanda cha Alaskan chenye kuta ngumu zinazoteremka moja ndani ya nyingine, na mwaka 1972 ikaanzishwa Four Wheel Campers, iliyoshika njia ya kitambaa na alumini. Lakini kujua kitu kilibuniwa wapi hakutuambii kinafaa wapi. Na hata tukikubali kwamba kukunjika ndiko kunakopitisha chombo, bado kuna sharti la pili ambalo historia ya hapa inalidai kwa ukali zaidi: mahali panapokunjika ndipo panapovunjika kwanza, kwa hiyo chombo huishi kadiri mkono wa fundi wa karibu unavyoweza kukifungua na kukifunga tena.

Tuanze na maji. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametapakaa kwa takriban kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na hakuna meli iliyowahi kuyapanda. Henry Morton Stanley alipoyafikia Januari 1877, alikuwa na mashua ya mbao za mwerezi iitwayo Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyojengwa Uingereza kwa vipande vitano vya kuunganishwa. Jambo ambalo wasomaji wa safari zake hulipita haraka ni kwamba mashua ile haikufaa kama ilivyotoka kwa mjenzi wake. Ilipofika Zanzibar mwaka 1874, vipande vilionekana vizito mno kwa mabega ya wapagazi, ikabidi seremala avikate upya, vyembamba zaidi, kabla msafara haujavuka kwenda bara. Kwa maneno mengine, marekebisho yaliyoiwezesha Lady Alice kupita Boyoma yalifanywa pwani, na kipimo kilichotumika ni bega la Mngwana, mpagazi wa Zanzibar. Kwenye maporomoko yenyewe njia ilifyekwa msituni, mashua na mitumbwi ikaburutwa nchi kavu, poromoko baada ya poromoko. Miaka kumi baadaye Stanley alirudi na somo limemwingia. Safari hiyo, Juni 1887, akiwa Yambuya kwenye mto Aruwimi, ndani ya mkoa ambao leo ni Tshopo, alikuwa na mashua ya chuma iliyoitwa Advance: futi 28, vipande 12, kila kimoja kikiwa na uzito wa kubebeka na watu wachache. Mashua hiyo ilipanda Aruwimi, ikafunguliwa, ikaachwa njiani kwa miezi, ikafuatwa, ikabebwa, na Aprili 1888 ikawekwa majini katika Ziwa Albert. Hakuna chombo cha kipande kimoja cha ukubwa ule ambacho kingeuvuka msitu wa Ituri mwaka ule.

Hapa msomaji makini atapinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: mnasifu vyombo vya kukunjika, lakini vilikunjwa ili vibebwe na vichwa vya watu. Lady Alice ilipita kwa sababu ya jasho la Wangwana wa Zanzibar na wenzao wa bara, wengi wao wakafa njiani. Advance ilipita msitu ambao ulimaliza sehemu kubwa ya msafara. Na mji wenyewe ulikua katika kivuli cha biashara ya pembe na watu, mfanyabiashara Tippu Tip akiwa wali wake kwa niaba ya Mfalme Leopold tangu 1887. Pingamizi hilo ni la kweli lote, na sioni sababu ya kulipunguza. Hata hivyo linaipa nguvu hoja badala ya kuibomoa. Linaonyesha kwamba uzito wa chombo haupotei kinapogawanywa. Unahamishiwa kwa mtu. Anayepanga safari katika nchi hii na asijue ni nani atakayeubeba uzito wake pale barabara itakapokatika, amepanga nusu ya safari. Na kuna ushahidi mwingine wa kukunjika ambao hauhusiani na mgeni yeyote. Wavuvi wa kabila la Wagenya hutega migono yao mikubwa katikati ya mkondo kwa kusimamisha magogo ndani ya mashimo ya mwamba na kuyafunga kwa mimea itambaayo ya msituni. Jengo lile halishindani na mto. Linayumba kidogo, linalegea, linafungwa tena, na gogo lililoondoka hurudishiwa jingine. Mhandisi aliyesoma vitabu vingi angeweza kukaa ukingoni pale akajifunza namna ya kupachika kibanda juu ya chasi inayopinda, jambo nitakalolirudia.

Wabelgiji walijibu maporomoko kwa reli: mwaka 1906 njia ya kilomita 125 kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, ilikamilika, na tangu hapo mzigo ulipakuliwa melini, ukapandishwa treni, ukapakuliwa tena, ukapandishwa meli nyingine. Ni ukoo uleule wa kugawanya. Gari lilipokuja, lilikuta kanuni imeshawekwa. Msafara wa Citroën uliojulikana kama Croisière Noire uliondoka Colomb-Béchar, Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924, ukiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, ukapita Chad na Bangui, na mwaka 1925 ukafika Stanleyville kabla ya kuelekea Kampala. Yalikuwa magari manane yenye mikanda ya mpira nyuma badala ya magurudumu, ubunifu wa Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyewahi kuyahudumia magari ya Tsar Nikolai wa Pili wa Urusi. Kila gari lilivuta tela lake. Watu huikumbuka safari hiyo kwa michoro ya Alexandre Iacovleff na filamu ya Léon Poirier, lakini kwa mada yetu cha kutazamwa ni namna mzigo ulivyogawanywa. Kampuni tajiri kama ile ingeweza kuunda jumba moja kubwa la kutembea. Badala yake iliugawa mzigo katika magari manane madogo yenye injini za kawaida za kiwanda, ikatuma misafara ya kutangulia kuweka akiba ya mafuta, vipuri na chakula njiani, na ilipofika Kampala ikajikunjua: makundi manne, moja likaenda Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne Cape Town. Ajabu ya safari ile, kwa maoni yangu, ilikuwa kwenye ghala za vipuri kuliko kwenye mikanda ya Kégresse.

Yupo aliyejaribu njia ya kinyume. Attilio Gatti, Mwitaliano aliyetumia miaka mingi Kongo na kuandika vitabu vingi juu yake, alikuja kwa msafara wake wa kumi kati ya 1938 na 1940 akiwa na malori ya International yanayovuta tela mbili ndefu zilizoitwa Jungle Yachts, umbo lake likiwa limechorwa na Alexis de Sakhnoffsky, mchoraji maarufu wa magari ya kifahari. Zikiegeshwa pamoja ziliungana kuwa makazi kamili: chumba cha kulia, vyumba vya kulala, jiko, bafu, umeme, simu, hata kipozahewa. Mpinzani wa hoja yangu angemleta Gatti kama shahidi: tazama, jumba zima lilifika Kongo. Lilifika, ndiyo. Lakini barabara za miaka ile zilitunzwa na wanavijiji kwa kazi ya lazima, mitaro ikizibuliwa na madaraja ya magogo yakibadilishwa kwa amri ya utawala, na tela zile zilifuatwa na magari mengine, mafundi na wasaidizi. Uzito ulikuwa palepale mabegani mwa watu. Tofauti ni kwamba walikuwa wametawanywa kando ya barabara, mbali na kamera. Amri ile ilipoondoka pamoja na ukoloni mwaka 1960, hakuna aliyeendelea na mtindo wa Gatti, na sidhani kuna wa kumlaumu.

Baada ya uhuru, na baada ya vita vya 1964 na maasi ya mamluki ya Julai 1967, barabara za eneo hili zikaanza kurudi msituni. Office des Routes, idara ya barabara, ikaundwa 1971, ikiwa na mtandao mkubwa kuliko fedha zake. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 na 1980 njia ya nchi kavu kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki na Kusini ilipita hapa: kutoka Bangassou kuvuka Mbomou kwa pantoni hadi Ndu, kisha Bondo, Buta, na wengine kushuka Banalia hadi Kisangani, ambako uwanja wa Hoteli Olympia ulijulikana kama mahali pa kuegesha na kulala. Yalikuja malori ya Bedford ya kampuni za safari, Land Rover zenye paa la Dormobile, mabasi madogo ya Volkswagen yaliyogeuzwa na Westfalia. Angalia Bedford zile. Zilikuwa chuma na turubai, viti juu ya masanduku ya chakula, mahema yamefungwa pembeni, mbao za kutandika kwenye tope zimening'inizwa ubavuni. Umbo lake lilikuwa la ovyo kidogo, kusema kweli. Hakuna aliyezipiga picha kwa uzuri wake. Lakini zilipita, kwa sababu karibu kila kilichoharibika kingeweza kunyooshwa kwa nyundo. Uporaji wa Septemba 1991 uliotikisa Zaire ya wakati huo, kisha vita, vikaifunga njia hiyo kwa wageni.

Kwa wenyeji haikufungwa, kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Na hapa ndipo ninapomjibu anayesema kwamba gari la kulala ni anasa ya watalii, lisilo na maana kwa Mkongo. Kwenye barabara za mkoa huu kuna vizuizi vya mvua: fito hushushwa wakati wa mvua, magari mazito yanakatazwa kupita mpaka udongo ukauke, ili yasiikate barabara. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta na hupata karibu milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, zilizoenea miezi yote. Anayesubiri kwenye kizuizi analala papo hapo. Dereva hulala kwenye kichwa cha lori, fundi na utingo juu ya magunia chini ya turubai au chini ya chasi, abiria popote walipobana. Lori la mizigo la njia ya Kisangani hadi Beni ni nyumba ya watu wengi kwa siku nyingi, lenye jiko, maji, mgawanyo wa vyumba usioandikwa, na paa linaloinuliwa jioni kwa fito na kushushwa asubuhi. Kinachotofautisha kibanda cha kiwandani na turubai la lori ni godoro, chandarua na heshima ya kulala peke yako. Sijui ni lini mambo hayo matatu yalikuwa anasa kwa Mzungu na upuuzi kwa dereva wa Banalia.

Vita vilivyofuata vilikuwa na somo lake la kukata na kuunga. Kisangani ilitekwa na waasi wa AFDL Machi 1997, kisha ikawa uwanja wa mapigano ya Rwanda na Uganda mwaka 1999 na tena Mei na Juni 2000. Magari yaliporwa, mafuta yakaadimika, na mji ukasafiri kwa baiskeli. Toleka, baiskeli za abiria za Kisangani, zilikuwa baiskeli za kawaida zilizobadilishwa: kiti cha nyuma kilichotiwa sponji na kufunikwa kitambaa, kibebeo kilichoimarishwa kwa chuma. Kizazi cha mafundi kililelewa katika kazi hiyo, wachomeleaji na washonaji wa viti, na pikipiki ziliposhika nafasi ya toleka, ujuzi ulihamia huko. Ni muhimu kulijua hili kabla ya kuzungumzia pikapu, maana linatuambia mji una mikono ya aina gani. Una wachomeleaji wa chuma, mafundi cherehani, maseremala katika moja ya nchi tajiri kwa mbao duniani, mafundi wa betri na sola. Hauna kwa urahisi wachomeleaji wa alumini, wala wauzaji wa vipuri vya kampuni za vibanda za Marekani. Barabara ya Beni ilipofunguliwa tena katika muongo wa kwanza wa karne hii, magari yaliyorudi yalikuta soko la ufundi lenye sura hiyo.

Sasa kwa pikapu yenyewe. Gari ambalo mashirika na wafanyabiashara wamelichagua katika nchi hizi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza 1984, na hasa ile yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo pampu yake ni ya mitambo tupu na haina kompyuta ya kugoma. Nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangana, na kila garaji inajua kuongeza ubapa mmoja au kuufua uliolala. Kibanda chepesi chenye paa la kuinuka kina kilo 300 hadi 600 kabla ya kutiwa maji, mafuta, godoro na watu. Chenye kuta ngumu zisizoshuka kinazidi hapo, na kimo chake kikiwa juu ya gari kinakaribia au kupita mita 3. Kimo hicho kina bei. Tumbo la C-130, ndege ileile ya Simi-Simi, lina kimo cha mita 2.7 hivi, mlango wa kontena la kawaida una mita 2.28, na wa kontena refu mita 2.58. Pikapu iliyoshusha paa ina nafasi ya kupita katika ndege na, ikiwa imejengwa fupi, katika kontena refu. Jumba la mita 3 halina. Msituni nako matawi na mianzi iliyoinamia njia hupima kimo kwa namna yake. Na kwenye daraja la magogo au pantoni inayoyumba, kila kilo ya uzito iliyo juu ya mabega ya gari inalivuta upande.

Pingamizi la kweli dhidi ya paa la kuinuka ni kitambaa. Wanaopenda kuta ngumu husema: katika nchi ya mvua kiasi hiki kitambaa kitaoza, kitavuja, na mwizi atakipasua kwa kisu. Kuhusu mwizi wana haki, na hakuna dawa zaidi ya kuegesha pale palipo na watu na kuweka vitu vya thamani ndani ya sehemu ya chini yenye chuma. Kuhusu mvua, wanasahau kulinganisha namna ya kuharibika. Ukuta mgumu wa plywood na alumini unavuja pia, kwenye maungio na kwenye matundu ya skrubu, ila unavuja kwa siri: maji yanaingia kati ya tabaka, mbao inavimba, gundi inaachia, na siku unapogundua, ukuta mzima unataka kubadilishwa. Alumini ikigusana na bolti ya chuma katika unyevu huo huliwa taratibu kwenye mguso, hadi tundu linapanuka na bolti haishiki kitu. Kitambaa kinaonyesha ugonjwa wake mapema, na fundi cherehani yeyote wa soko anaweza kukitibu. Zipu ndiyo inayokufa kwanza. Mshumaa unaopakwa kwenye meno yake unairefushia maisha. Ikifa, vifungo vya kamba vilivyoshonwa pembeni hufanya kazi yake bila kungoja mzigo kutoka ng'ambo. Kosa kubwa ni kukunja kitambaa kikiwa kimelowa na kukiacha hivyo siku kadhaa; katika joto la Tshopo ukungu haungoji. Paa lifunguliwe kila jua linapotoka, hata kama hakuna anayelala.

Kuna ubishi mwingine wa kifundi ambao nadhani umeamuliwa vibaya na wauzaji. Wanasifu kibanda kilichobanwa imara, bolti nne, bila mtikisiko. Barabara ya udongo mwekundu iliyochimbwa na malori hupinda chasi ya pikapu: gurudumu la mbele kushoto likizama na la nyuma kushoto likipanda, sahani ya mizigo ya nyuma inajinyonga. Kibanda kilichobanwa kwa ukali kinalazimika kujinyonga nayo, na kwa kuwa hakikuumbwa kujinyonga, kinapasuka pembeni mwa mlango na kwenye kona za mbele. Mafundi wa magari makubwa ya Ulaya hutatua hili kwa kushikilia bodi kwenye nukta tatu badala ya nne, ili chasi ipinde bila kuinyonga bodi. Katika garaji ya kawaida hilo linapatikana kwa njia nyepesi zaidi: bolti ndefu zenye springi fupi chini ya nati, zinazoruhusu kibanda kunyanyuka kidogo na kurudi, na vipande vya mpira wa tairi kuukuu kati ya chuma na chuma. Ni kanuni ya magogo ya Wagenya, imevaa nati. Inadai tu kwamba nati zikaguliwe kila asubuhi, kwa sababu kinacholegea kwa makusudi hulegea pia bila makusudi. Hapo ndipo wengi hushindwa, si kwenye ujenzi.

Katika kubadilisha kibanda, basi, mpangilio wa busara ni kuanza na vile ambavyo Kisangani haiwezi kuvitengeneza na kuvitoa kabla havijafa. Vile vyuma vya gesi vinavyosukuma paa juu vikiisha hewa havijazwi. Fito mbili za chuma zenye tundu na pini zinafanya kazi ileile na zinachomelewa kwa dakika chache. Fremu ya alumini iliyopasuka haitachomelewa vizuri, lakini itashonwa kwa ribiti na bamba la alumini, na ribiti ni jambo ambalo fundi wa mabati analijua. Mbao za kienyeji zinavutia, na mvule unadumu, lakini ni mzito. Ukiutumia, uwe kwenye vizingiti vya chini vinavyokaa na maji, na kuta ziachiwe mbao nyepesi zilizopakwa rangi kingo zote, pamoja na kingo ambazo hazionekani. Tangi la maji lisizidi kile ambacho watu wawili wanaweza kukishusha kwa mikono. Jiko litolewe nje. Sola ilazwe juu ya paa, lakini uzito wake uhesabiwe katika nguvu ya anayeliinua paa, maana paa ambalo mtu mmoja hawezi kuliinua gizani wakati wa mvua litabaki limeshushwa, na watu watalala wamekunjana chini yake.

Atakayetoka Simi-Simi kwenda Yangambi anakutana na Lindi mapema sana. Anayekwenda Buta anakutana na Aruwimi pale Banalia. Vivuko vyote viwili ni mtihani mzuri kuliko barabara yenyewe, kwa kuwa mteremko wa kuingilia pantoni humwaga uzito wote nyuma, kona ya sahani hugusa ubao wa chombo, na kibanda chenye mkia mrefu hukwama hapo. Mafundi wanaokata sentimita 20 za nyuma ya kibanda na kupoteza kabati moja hawapunguzi starehe ya mteja wao. Wanafanya kazi ileile aliyoifanya seremala wa Zanzibar mwaka 1874, na bado hakuna kiwanda kilichoikubali kabla ya gari kufika mtoni.